Simu Iliyofundishwa Adabu

"Ongeza kidogo," alisema Lilian, macho yake yakiwa kwenye simu. "Hapo hapo. Usizidishe."

Wilbert, mwenye bodaboda, akaongeza kidogo. Walikuwa wameshazunguka kipilefti cha Rwamishenye mara nyingi mno, hata wauza karanga wakaacha kuuza na kuanza kuwatazama wao.

"Dada Lilian," Wilbert alisema bila kugeuka, "kama ni shemeji tunamvizia, bora tusimame mahali pamoja. Watu wanaozunguka hivi wanaonekana."

"Simvizii mtu. Sasa punguza. Punguza kabisa, kama mtu anayetembea kwa miguu."

Pikipiki ilipunguza mwendo mpaka ikaanza kuyumba. Sanduku la meseji, ambalo muda wote huo lilikuwa limefungwa na kuandikwa neno moja tu, TULIA, likafunguka lenyewe. Lilian alitoa kicheko kidogo, cha mtu aliyezoea kufurahi peke yake.

"Imekubali," alisema.

"Nani amekubali?"

"Simu. Tuzunguke mara moja tena, nihakikishe."

Hakuna aliyemfundisha Lilian kuandika programu za simu. Kazi yake ilikuwa steshenari: kutoa kopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, kutengeneza ratiba za harusi na za mazishi. Wateja walipopungua alitazama video za mafunzo kwenye kompyuta ya duka, akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Hakuwa mtu wa haraka. Programu ya Tulia ilimchukua msimu mzima wa mvua, na shughuli yake ilikuwa moja tu: gari likipita mwendo wa baiskeli, meseji zinafungwa, gari likipunguza sana au kusimama, zinafunguka.

Alikuwa ameitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja, naye ni mume wake.

Audax aliendesha pikapu ya Ma Immakulata, mfanyabiashara wa ndizi pale Rwamishenye. Hakuwa mlevi wala mpenda mbio. Tatizo lake lilikuwa adabu. Alilelewa Izigo na Ma Kokushubila, mama ambaye kwake salamu haiachwi bila kujibiwa, kama vile mtoto haachwi barabarani. Na Ma Kokushubila, tangu alipojifunza kuandika meseji, alisalimia kila asubuhi kwa utaratibu ule ule wa ana kwa ana. Kwanza aliuliza mwanawe ameamkaje, akangoja jibu. Kisha mkwe wake ameamkaje, akangoja jibu. Kisha mjukuu wake, Evelyne. Kisha gari. Kila swali na meseji yake, na kila meseji ilimkuta Audax usukani.

Mwezi uliopita, kati ya salamu ya mke na salamu ya mtoto, pikapu iliacha lami taratibu, kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji, ikapita juu ya kahawa ya parokia iliyoanikwa kwenye mikeka. Mtu hakuumia. Bata mmoja alipoteza mkia. Audax alishinda kutwa akiokota kahawa kwenye nyasi, huku katekista amesimama nyuma yake akimwonyesha punje alizoziruka.

Ma Immakulata hakumgombeza. Hilo ndilo lililomtia Lilian hofu.

"Audax," alimwambia, "wewe ni mtu mzuri. Lakini nikisikia tena umeandika hata herufi moja gari likiwa kwenye mwendo, ufunguo nampa dereva mwingine. Sitasema mara ya pili."

Lilian alijua kwamba bila gari lile mume wake angerudi kwenye jembe, kazi ambayo mgongo wake ulishaikataa. Alijua pia kwamba akiendelea nalo hivyo hivyo, siku moja mbele yake hapatakuwa na kahawa, patakuwa na mtoto wa mtu. Kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine. Tulia ilikuwa lazima ifanye kazi.

Jumatatu aliiweka kwenye simu ya Audax. Ili anayetuma meseji asione amepuuzwa, alikuwa ameandika jibu la kujituma lenyewe, na alilipenda kwa sababu lilikuwa fupi na safi: *Mwenye simu hii anaendesha gari. Atakujibu akisimama.*

Asubuhi ile Ma Kokushubila alituma, kama kawaida, *Umeamkaje mwanangu?* Na papo hapo akajibiwa vile.

Aliisoma mara tatu, kisha akampelekea jirani aisome kwa sauti. Haikuwa na salamu. Haikuwa na "mama". Na huyu anayesema "mwenye simu hii" ni nani? Mtu akiwa na simu yake hasemi "mwenye simu hii". Anayesema hivyo ni mtu aliyeiokota simu ya mwenzake. Na simu ya dereva inaokotwa wapi, kama si kando ya gari lililopinduka? Alituma tena, *Nani wewe?* Akajibiwa maneno yale yale, kwa ubaridi ule ule. Jirani akasema hao ni polisi, wanaficha habari mpaka ndugu wapatikane.

Audax alipofika Izigo mchana kupakia ndizi, alikuta uani kwa mama yake watu wamejaa. Wanawake walikuwa wanamenya ndizi, moto umeshawashwa. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi wakitafuna punje za kahawa kimya kimya. Katekista alikuwa na kitabu cha sala magotini.

"Jamani," Audax aliuliza akiwa bado mlangoni mwa gari, "amefariki nani?"

Mama yake alitoka ndani, kanga kiunoni, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akamshika mashavu, halafu akampiga kofi begani.

"U mzima?"

"Mzima, mama."

"Basi mbona hukunisalimia?"

Jioni, nyumbani Rwamishenye, Audax alimsimulia mke wake yote hayo akiwa amekaa kitandani na viatu.

"Ndizi zilikuwa zimeshaiva," alisema. "Haikuwezekana kuzitupa. Wamekula msiba wangu, Mama Evelyne. Na mimi nimekula."

Lilian alijizuia kucheka. "Zilikuwa nzuri?"

"Zilikuwa nzuri sana. Hapo ndipo palipoanza kuniuma. Siku nikifa kweli sijui kama watapika vile." Akavua kiatu kimoja. "Bosi naye ameuliza kwa nini nimechelewa. Nimwambie nini, nilikuwa kwenye mazishi yangu?"

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia kulikuwa na shughuli ya kifamilia."

Lilian alifikiri juu ya jambo hilo wakati akisonga ugali, na hakuona sababu ya kumlaumu mama mkwe. Mama alikuwa amesalimia mtu, akajibiwa na ofisi. Nani asingeogopa? Kosa lilikuwa la programu, maana yake lilikuwa lake, na la kwake angeweza kulirekebisha. Alipomaliza kuosha vyombo, alifuta jibu la kwanza, akaandika jingine kwa kufuata mpangilio wa Ma Kokushubila mwenyewe: *Shikamoo mama. Umeamkaje? Hapo nyumbani hawajambo? Goti linaendeleaje? Na ng'ombe? Sisi wazima. Nipo barabarani, nikisimama nitakuandikia vizuri.*

Chini yake aliweka kanuni mbili, kwa kuwa alitaka mambo yakae sawa. Kwanza, meseji yoyote inayoingia ihesabiwe ni salamu, na ni lazima ijibiwe. Pili, anayejibu salamu ni lazima naye aulize hali. Hivyo ndivyo alivyolelewa hata yeye, na hivyo ndivyo simu ilivyolelewa usiku ule. Salamu za watu wengine, za bosi, za marafiki, za wateja, alipanga kuziandika baadaye, kila mtu na yake. Kwa sasa wote wangepata ya mama.

Jumanne ilipita vizuri kupita matarajio. Ma Kokushubila alipiga simu jioni, na sauti yake ilikuwa imelainika kama siagi.

"Mkwe wangu, umemfanyia nini huyu mtoto? Ameniuliza goti! Miaka yote hii hajawahi kuniuliza goti. Nikamjibu, akaniuliza tena. Nikamjibu, akaniuliza tena! Tumeongea kutoka asubuhi mpaka nikaishiwa bando. Kesho nakuja naye huko, nimwonyeshe daktari hilo goti, maana naona linamtesa zaidi yeye kuliko mimi."

Lilian alishukuru, akakata simu, akabaki ameshika kidevu. *Akaniuliza tena.* Kitu fulani hapo hakikumkaa vizuri. Lakini mteja alikuwa amesimama akisubiri ratiba ya harusi, nalo jina la bwana harusi lilikuwa limekosewa, basi akaliacha.

Jumatano, kabla ya saa sita, Ma Immakulata aliingia steshenari. Hakukaa. Aliweka simu yake mezani, mbele ya Lilian, kama mtu anayeweka kidhibiti mahakamani.

"Soma."

"Shikamoo, Ma Immakulata."

"Marahaba. Soma."

Lilian alisoma. Ma Immakulata alikuwa ameandika: *Uko wapi?* Akajibiwa: *Shikamoo mama. Umeamkaje? Hapo nyumbani hawajambo? Goti linaendeleaje? Na ng'ombe?*

"Mimi sina ng'ombe," alisema Ma Immakulata.

"Najua, ma."

"Na magoti yangu yote mawili ni mazima. Nikamwandikia, Audax, umelewa? Akaniuliza habari za ng'ombe tena. Nikamwandikia, simamisha gari mara moja! Akaniuliza goti." Aligonga meza kwa kidole. "Tena mwenyewe anakiri: nipo barabarani. Mtu yupo barabarani na ndizi zangu, na anaandika mkeka mzima wa salamu! Nilisema herufi moja. Hizi ni ngapi?"

Lilian aliirudisha simu mezani. "Ma, siyo yeye anayeandika. Ni simu."

"Simu."

"Simu yenyewe. Nimeifundisha. Gari likitembea, yeye hawezi kufungua meseji, inajibu simu. Hayo maneno nilimwandikia mama mkwe, bado sijaandika ya kwako. Tuma nyingine uone. Andika chochote."

Ma Immakulata akachukua simu, akaandika kwa kidole kimoja, akitamka kila neno: "Wewe... ni... mbwa." Akatuma.

Simu ikalia mara moja. *Shikamoo mama. Umeamkaje?*

Mteja aliyekuwa anasubiri kopi ya cheti chake alicheka, akaona sura ya Ma Immakulata, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Umeona?" alisema Lilian. "Mtu asingejibu hivyo."

"Mtu mwenye dharau angejibu hivyo hivyo," alisema Ma Immakulata. "Mwanangu, sikuiti mwongo. Lakini wewe ni mke wake. Ungekuwa mke wangu ungenitetea na mimi. Mimi hiyo simu ikijiandikia sijaiona. Nimeona jina la Audax, na maneno, na gari liko barabarani." Alitoa ufunguo wa akiba kwenye pochi, akaushika mkononi. "Yule kijana wa Nshambya ameniomba kazi tangu Pasaka."

Lilian angeweza kufungua kompyuta amwonyeshe mistari ya programu, lakini aliona mwenyewe kwamba ingekuwa kama kumsomea mtu mwenye njaa namna ya kupanda maharage. Wakiwa bado wametazamana hivyo, pikapu ikaingia, imejaa ndizi, ikasimama mbele ya duka bila kumgusa mtu wala bata.

Upande wa abiria mlango ulifunguka, na Ma Kokushubila akateremka na fimbo yake. Hakusalimia. Kwa mtu aliyemfahamu, hilo peke yake lilikuwa ni kengele ya hatari.

"Mkwe wangu!" aliita. "Nimezaa mtoto gani mimi? Hebu niambie, nimezaa mtoto gani?"

"Mama, karibu kwanza, kaa—"

"Sikai! Simu yake imelia kutoka Izigo mpaka hapa. Kutoka Izigo! Imelia Muhutwe, imelia Kyetema, imelia kama gunia la senene. Namwambia, Audax, watu wanakusalimia. Ananyamaza. Namwambia, bojo, tafadhali mwanangu, iangalie basi, labda kuna mgonjwa. Anasema, 'Mama, haifunguki, na hata ingefunguka siigusi.' Siigusi! Mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbele kama sanamu ya kanisani. Jana ananiuliza goti siku nzima, leo nimekaa naye, hata kuitazama simu hataki! Mtoto ameacha adabu barabarani."

Ma Immakulata alimsogelea Ma Kokushubila taratibu.

"Shikamoo, mama," alisema.

Ma Kokushubila, ambaye hasira isingemzuia kuitika, akaitika. "Marahaba, waitu, mwenzetu."

"Unasema simu hakuigusa?"

"Hakuigusa!"

"Hata mara moja?"

"Nakuapia kwa Bikira Maria. Nimemwomba, nimemwamuru, nimelia. Nikataka kuichukua mimi, akaniambia, mama, iache. Mimi! Niliyemnyonyesha!" Akamgeukia Audax, aliyekuwa amesimama kando ya gari, kichwa chini. "Mbele ya bosi wako nasema: wewe huna adabu."

Audax, ambaye hakujua bado kilichokuwa kinatendeka dukani, alijibu kwa upole, "Ni kweli, mama. Nisamehe."

Ma Immakulata alitazama ujumbe wenye ng'ombe, akamtazama Ma Kokushubila, akamtazama Lilian. Midomo yake ilicheza kidogo, akaikaza. Ufunguo wa akiba ukarudi kwenye pochi.

"Kwa hiyo ni simu," alisema.

"Ni simu, ma," alisema Lilian, akavuta kiti akakaa.

"Ni simu nini?" aliuliza Ma Kokushubila.

Kabla hajajibiwa, kirikuu, kigari cha mizigo, iliyojaa dagaa, ilisimama nyuma ya pikapu kwa kelele, na Josia akashuka. Josia alikuwa ndugu mdogo wa marehemu baba yake Audax, kitinda mimba kabisa, hivyo alikuwa baba mdogo wa Audax ingawa Audax alimzidi umri. Alikuwa ameinua simu juu kama mwamuzi wa mpira anayetoa kadi.

"Nani ametengeneza kitu hiki? Bando langu la meseji la mwezi mzima limekwisha kabla sijafika Kyetema!"

Lilian alisimama. "Baba mdogo, na wewe unayo?"

"Huyu amenirushia asubuhi pale Izigo! Kaniambia, baba mdogo, hiki kitu kitakuokoa. Nikakipokea. Nikamwandikia, nakuja nyuma yako, salamu kwa mama. Nikawasha gari. Basi!"

Lilian alichukua simu mbili, ya Josia na ya Audax, akaziweka mezani sambamba, akasoma. Wanne wakainama juu yake, hata Ma Kokushubila na goti lake. Simu ya Audax ilikuwa imejibu salamu ya Josia na kumuuliza hali, kama ilivyofundishwa. Simu ya Josia, nayo ikiwa barabarani, ilikuwa imejibu na kuuliza hali, kama ilivyofundishwa. Ya Audax ikajibu na kuuliza. Ya Josia ikajibu na kuuliza. Mamia ya meseji, kutoka Izigo mpaka bando lilipoisha, simu mbili zenye malezi mema zikiulizana habari za ng'ombe, kila moja ikiona aibu kuwa ya kwanza kunyamaza.

"Ameniita mama," alisema Josia.

"Na wewe umeniita mama," alisema Audax.

"Mimi ni baba yako!"

Ma Immakulata sasa alikuwa anacheka waziwazi, ameshikilia mashine ya kopi ili asianguke. Lilian hakucheka. Aliona kosa lilipo, na lilikuwa limekaa pale pale tangu usiku ule alipoandika zile kanuni mbili. Alikuwa ameifundisha simu namna ya kuanza salamu na namna ya kuiendeleza. Namna ya kuimaliza hakuwa ameiwazia kabisa.

"Mama," alimwuliza mama mkwe, "salamu inaishaje?"

Ma Kokushubila, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile aliulizwa kitu cha maana, alikaa. Akaweka fimbo kati ya magoti. "Salamu inafungwa na mkubwa. Mdogo anajibu, anauliza, anajibu, mpaka mkubwa aseme 'haya'. Akisema 'haya', mdogo ananyamaza. Mdogo akifunga mwenyewe, ametukana."

Lilian alivuta kompyuta, akaandika. *Mkubwa akisema haya, nyamaza.* Halafu akainua kichwa. "Basi inabidi simu ijue mkubwa ni nani. Kwa mama ni mama. Kwa bosi ni bosi. Kati ya Audax na baba mdogo?"

"Mimi," alisema Josia.

"Mimi," alisema Audax. "Huyu nilimbeba mgongoni akiwa na kamasi."

"Ulimbeba baba yako!"

"Kamasi zilikuwa za mtoto."

Wote wakamtazama Ma Kokushubila. Yeye akatazama dari ya steshenari.

"Hilo ni la ukoo," alisema hatimaye. "Siwezi kulisema hapa mbele ya dagaa. Kesho nitampigia shangazi yake Audax kule Muleba, yeye alikuwepo wakati wote wawili wanazaliwa."

"Kesho alfajiri kuna mzigo Muleba," alisema Ma Immakulata, akipangusa macho. "Audax, ufunguo baki nao. Lakini kesho mimi ndiye nakaa upande wa abiria. Na hizo kelele siwezi, nitachizika. Mwanangu, ikijibu, ijibu kimya kimya. Na ng'ombe umtoe."

"Amtoe kwangu pia?" aliuliza Ma Kokushubila kwa wasiwasi.

"Kwako atabaki, mama," alisema Lilian.

Wanaume wakatoka kwenda kushusha ndizi, wakiendelea kubishana juu ya nani alimbeba nani. Lilian alizima mlio wa Tulia, akaandika salamu fupi ya bosi, isiyo na goti wala mfugo, akairudia mara mbili kuona kama ina heshima ya kutosha. Zilibaki salamu za wateja, na za marafiki, na za katekista, na kwenye mstari wa Audax na Josia aliandika *Mkubwa ni*, akaacha nafasi tupu. Mteja mwenye cheti akakohoa. Lilian akahifadhi kazi, akafunga kompyuta, akachukua cheti chake na kuwasha mashine ya kopi.